Ndege za Kwanza za Vita Katika Afrika ya Mashariki

Maneno ya hotuba iliyotayarishwa kwa wasikilizaji wa Kianjokoma, katika nchi ya Embu



Habari ya leo ni habari ya ndege za vita: jinsi zilivyoundwa hapo mwanzo, jinsi zilivyoletwa katika nchi zetu, na kazi zilizofanya. Watu wengi hudhani kwamba habari hii ni ya Ulaya tu, na kwamba Mwafrika hakuhusika nayo isipokuwa kwa kuinua macho na kushangaa. Sivyo. Afrika ya Mashariki iliona ndege za vita mapema sana, mwaka 1914, wakati ambapo hata majeshi makubwa ya Ulaya yalikuwa yakijifunza bado namna ya kuzitumia. Tena waliozibebea mafuta, waliozikatia viwanja vya kutulia, na walioangukiwa na mabomu yake, wengi wao walikuwa watu wa nchi hizi.

Kuna swali moja lipitalo katika habari hii yote, tangu mwanzo hata mwisho. Mtu aliye juu mbinguni aweza kuona mbali. Lakini je, aweza kumwona adui aliye chini ya miti? Na akimwona, aweza kumfikia? Swali hili liliulizwa katika mikoko ya Rufiji mwaka 1914. Liliulizwa tena mwaka 1953 katika msitu wa Mlima Kenya, huu uliopo juu ya mashamba ya Kianjokoma. Majibu yake yalinunuliwa kwa maisha ya watu, kwa hiyo yafaa yajulikane.

NDEGE ZILIVYOUNDWA

Tarehe 17 Desemba, 1903, ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walirusha chombo chao chenye mota kwa mara ya kwanza. Safari hiyo ya kwanza ilidumu nukta 12 tu, na urefu wake ulikuwa futi 120. Mtoto mwepesi wa shule aweza kupita mwendo huo kwa mbio kabla hujamaliza kuhesabu hadi 20. Lakini haikupita miaka minane, chombo hicho kikageuzwa kuwa silaha. Tarehe 1 Novemba, 1911, afisa wa Italia aitwaye Giulio Gavotti, alipokuwa akiruka katika nchi ya Libya wakati wa vita vya Italia na Waturuki, alitupa kwa mkono wake mabomu manne madogo, kila moja likiwa na uzito usiozidi kilo mbili hivi. Hayo yanahesabiwa kuwa mabomu ya kwanza kutupwa vitani kutoka katika ndege. Yafaa ikumbukwe kwamba bara lililoangukiwa na mabomu hayo ni Afrika.

Ndege za siku zile hazikufanana na hizi za leo. Mwili wake haukuwa wa bati wala wa chuma kinachong'aa, bali ulikuwa kazi ya seremala na ya mshoni. Kwanza mafundi walichonga mifupa ya ndege kwa mbao nyepesi za jamii ya msonobari, na mahali palipohitaji nguvu zaidi waliweka miti migumu. Mifupa hiyo iliunganishwa kwa gundi na kukazwa kwa nyaya nyingi zilizopita huku na huku, kila waya ukivuta upande wake, hata chombo chote kikasimama imara. Nyingi zilikuwa na mbawa mbili, moja juu ya nyingine, na katikati yake vijiti na nyaya, mfano wa kitanda kilichowekwa juu ya kitanda.

Mbawa zilipokwisha kupata mifupa yake, zilivikwa kitambaa cha kitani. Kitambaa peke yake hulegea na kupitisha upepo. Kwa hiyo kilipakwa dawa maalumu ya majimaji ambayo ilipokauka ilikikaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Dawa hiyo ilikuwa hodari kwa kazi yake, lakini ilishika moto upesi mno, na rubani alijua kwamba ameketi juu ya petroli, ndani ya mbao kavu, katikati ya kitambaa kilichopakwa kitu kinachowaka.

Mota za ndege nyingi za wakati ule zilikuwa za namna ya ajabu: mota nzima ilizunguka pamoja na rafadha yake, ili ipoe kwa upepo wa kuzunguka kwake yenyewe. Mota hizo zilitiwa mafuta ya mbarika, mmea ambao watu wa mlima huu wanaujua sana, kwa sababu mafuta hayo hayachanganyiki na petroli. Yalirushwa nyuma kama mvua, na rubani alirudi chini uso wake umelowa mafuta.

Mwendo wa ndege za namna hii haukuzidi maili 60 au 70 kwa saa. Hazikuwa na redio ya kusemea, wala mwavuli wa kujiokoa nao. Rubani aliketi wazi katika upepo, na kama mota ilizimika, hakuwa na la kufanya ila kutafuta mahali tambarare pa kushukia, kama mahali hapo palikuwapo.

MANOWARI ILIYOJIFICHA RUFIJI

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi wa Agosti, 1914, Wajerumani walikuwa na manowari moja yenye nguvu katika pwani yetu, jina lake Königsberg, iliyokuwa na mizinga 10 ya sentimeta 10.5. Nahodha wake alikuwa Max Looff. Tarehe 20 Septemba, 1914, manowari hiyo ilifika Unguja alfajiri, ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga ikitengeneza mitambo yake, ikaipiga mizinga hata ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa.

Baada ya ushindi huo mtambo wa Königsberg wenyewe uliharibika, nayo ikaingia ndani ya matawi ya mto Rufiji ili ipate kujificha. Vyombo vilivyovunjika vilikokotwa na watu kwa nchi kavu hata karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikakokotwa tena kurudi. Mwisho wa mwezi wa Oktoba manowari za Kiingereza ziligundua kwamba adui yao yumo humo. Lakini kugundua si kukamata. Mahali pale mto hugawanyika katika mikono mingi, maji ni haba kwa merikebu kubwa, na mikoko imesongamana hata mtu aliye baharini haoni kitu ila milingoti tu, na milingoti hiyo nayo ilifichwa kwa matawi ya miti.

Ndipo Waingereza walipokumbuka ndege. Katika mji wa Durban, Afrika ya Kusini, alikuwako rubani mmoja raia, jina lake Denis Cutler, aliyekuwa akiwaonyesha watu mchezo wa kuruka kwa ndege ya Curtiss iwezayo kuelea juu ya maji. Aliajiriwa katika jeshi la majini, akapakiwa melini pamoja na chombo chake, akaletwa katika kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na Mafia, mwezi wa Novemba, 1914.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba ndege iliyoundwa kwa ajili ya nchi za baridi si ndege ya Rufiji. Joto lililegeza gundi, mbao zikapinda, na maji yakaingia ndani. Hewa ya joto ni nyepesi, haibebi mbawa sawasawa, kwa hiyo ndege ilishindwa kuinuka vizuri. Katika safari yake ya kwanza Cutler alipotea, akalazimika kushuka katika kisiwa kingine. Rejeta ya ndege ilipoharibika, nyingine ililetwa kutoka Mombasa, nayo ilikuwa imetolewa katika motokaa ya Ford. Hata hivyo, tarehe 22 Novemba, 1914, Cutler aliruka juu ya mikoko akaiona Königsberg kwa macho yake. Mwezi uliofuata mota ilimwangusha ndani ya mto, na Wajerumani wakamfanya mateka.

Yafaa isemwe kwamba Wajerumani nao walikuwa na ndege moja tu katika nchi yao ya Afrika ya Mashariki. Rubani wake, Bruno Büchner, alikuwa amekuja kwa ajili ya maonyesho tu, vita vikamkuta Dar es Salaam. Alijeruhiwa katika moja ya safari zake, na ndege yake haikudumu sana vitani. Basi katika miezi hiyo ya kwanza pande zote mbili zilitegemea watu waliokuja kucheza, wakajikuta wanapigana.

SIKU YA TAREHE 11 JULAI, 1915

Mwanzoni mwa mwaka 1915 ziliwasili ndege mbili za Sopwith chini ya afisa John Cull, nazo pia zilishindwa na joto. Mwezi wa Aprili zikaja ndege tatu za Short. Hizi ziliweza kuruka, ingawa hazikupanda hata futi 1,000. Tarehe 25 Aprili Cull alipita juu ya manowari na kuipiga picha, huku akipigwa risasi kutoka chini. Kwa mara ya kwanza Waingereza walikuwa na picha mkononi mwao ya adui aliyejificha miezi sita.

Lakini mabomu ya ndege hizo yalikuwa madogo, hayakuweza kuizamisha manowari. Kilichotakiwa ni mizinga mikubwa, na mizinga hiyo haikuweza kuona juu ya mikoko. Basi shauri likawa hili: manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ambazo hapo mwanzo ziliundwa kwa ajili ya nchi ya Brazil, zikokotwe kutoka Malta mpaka Rufiji. Zingepanda mtoni na kupiga mizinga bila kuona, na ndege ingekuwa ndiyo macho yake. Uwanja wa ndege ulikatwa katika kisiwa cha Mafia, ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka mwezi wa Januari, na ndege mpya za magurudumu zikaletwa, mbili za Henry Farman na mbili za Caudron. Mifupa ya Farman hizo ilikuwa ya mabomba ya chuma, si ya mbao, kwa maana watu walikuwa wamekwisha kujifunza.

Shambulio la kwanza lilifanywa tarehe 6 Julai. Ndege zilipokezana tangu asubuhi, na mtazamaji aliyeketi ndani yake alituma habari kwa simu ya upepo, akisema kombora hili limeanguka mbali mno, au karibu mno, kuume au kushoto. Siku hiyo haikufanikiwa. Manowari zote mbili zilipiga pamoja, na mtazamaji hakuweza kupambanua lipi ni kombora la nani. Mamia ya makombora yalipotea katika matope. Mersey yenyewe ilipigwa, na mabaharia wake wakafa.

Tarehe 11 Julai walirudi na akili mpya: ipige moja tu, nyingine ingoje. Cull alirusha ndege ya Farman, na mtazamaji wake alikuwa afisa kijana H. J. Arnold. Severn ilipiga, Arnold akasahihisha. Ikapiga tena, akasahihisha tena. Hata makombora yakaanza kuangukia juu ya manowari yenyewe. Wakati huo huo mota ya ndege ilipigwa na vipande vya kombora, ikazimika. Ndege ikaanza kushuka. Arnold aliendelea kutuma masahihisho yake walipokuwa wakianguka, mpaka mzinga ulipokuwa umeelekezwa barabara katikati ya Königsberg. Ndege iligonga maji karibu na Mersey, ikapinduka. Cull alinaswa na mikanda yake chini ya maji, Arnold akamsaidia kutoka, na mashua ikawachukua wote wawili wakiwa hai.

Mchana ule nahodha Looff, akiwa amejeruhiwa na mizinga yake ikiwa imenyamaza, aliamuru manowari yake ilipuliwe. Lakini habari haikuishia hapo. Wajerumani waliitoa mizinga yote 10 katika maji na matope, wakaitia magurudumu, wakapigana nayo katika nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo uliwekwa baadaye katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na kila mgeni afikaye pale ameweza kuugusa kwa mkono wake.

Somo la Rufiji ni wazi. Ndege haikuzamisha manowari. Mizinga ndiyo iliyozamisha. Lakini mizinga bila ndege ilikuwa kipofu mwenye rungu.

NDEGE JUU YA NCHI KAVU

Kutoka Rufiji ndege zilihamishwa kwenye vita vya nchi kavu. Mwezi wa Septemba, 1915, ndege za jeshi la majini zilianza kazi Maktau, karibu na Voi, kuitazama reli na nyika iliyo kati ya Taita na Kilimanjaro. Tarehe 31 Januari, 1916, kikosi cha ndege namba 26, ambacho maafisa wake wengi walitoka Afrika ya Kusini, kilishuka Mombasa na kufanya kituo chake Mbuyuni. Kilikuwa na ndege za B.E.2c, zenye mota ya nguvu za farasi 90, pamoja na za Henri Farman. Jenerali Smuts aliposogea mbele mwezi wa Machi, 1916, ndege hizo zilimtangulia, zikachora ramani, zikatazama njia, zikatupa mabomu kwenye vituo vya adui.

Lakini huku mambo yalikuwa tofauti. Königsberg ilikuwa kitu kikubwa cha chuma kisichoweza kuondoka mahali pake. Askari wa Lettow-Vorbeck walikuwa watu wa miguu. Waliposikia mlio wa ndege walisimama chini ya miti, na ilipopita waliendelea na safari yao. Au walitembea usiku. Rubani aliona pori tu, maili baada ya maili, kama bahari ya majani. Jeshi la Kiingereza likafika Morogoro mwezi wa Agosti, 1916, likaendelea kusini, na adui akaendelea kuteleza mbele yake. Lettow-Vorbeck hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba, 1918, huko Abercorn, baada ya kupata habari kwamba vita vimekwisha Ulaya. Kikosi cha ndege kilikuwa kimekwisha kuondoka Afrika ya Mashariki mapema mwaka huo huo.

MZIGO WA MADEBE

Sasa yafaa kutazama jambo ambalo vitabu vingi vya ndege hulipita kimya. Ndege hunywa petroli. Mota ya nguvu za farasi 90 ilikunywa takriban galoni 8 hata 10 kwa kila saa. Petroli iliwekwa katika madebe ya galoni nne. Madebe mawili yaliyojaa uzito wake ni karibu ratili 60, na ratili 60 ndizo zilizohesabiwa desturi kuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Basi mahali ambapo reli haikufika, na mvua ilipogeuza barabara kuwa matope hata malori yakakwama, kila saa moja ya rubani mbinguni ilikuwa ni mzigo wa kichwani wa mtu mmoja au zaidi ardhini, kwa siku nyingi za mwendo. Ongeza mafuta ya mota, mabomu, na vipuri; ongeza pia kazi ya kung'oa visiki na kusawazisha kila uwanja kwa jembe na panga.

Wapagazi hawa walikuwa akina nani? Walikuwa watu wa makabila yote ya nchi hizi, nao wanaume wa Embu na wa Meru walikuwa miongoni mwao. Mwaka 1917 amri ya kuandikisha wapagazi kwa nguvu ilipita katika wilaya, na wengi walichukuliwa ambao hawakuwahi kuona bahari wala nchi ya joto. Waliozoea hewa ya mlimani walishuka kwenye mabonde ya Rufiji wakala unga ambao haukuiva, wakalala katika mvua, wakapatwa na kuhara damu na homa. Hesabu ya serikali yenyewe ilikiri kwamba zaidi ya wapagazi 40,000 walikufa katika kazi ya Waingereza, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na maradhi na njaa.

Jina lao limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, maana majina hayo yote mawili yametokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Cull na Arnold walipewa nishani, nao walistahili. Mpagazi aliyebeba debe hakupewa, ingawa bila yeye ndege isingeweza kufuata jeshi katika pori lile. Wazee walinena, Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi.

NDEGE ZA ZIWANI, NA CHOMBO KIKUBWA CHA HEWA

Upande wa magharibi, katika ziwa Tanganyika, Wajerumani walikuwa na meli kubwa iitwayo Graf von Götzen. Wabelgiji wa Congo waliazimwa na Waingereza ndege nne za Short za kuelea majini. Zilisafirishwa vipande vipande ndani ya masanduku, kwa reli na kwa mto, katika nchi yote ya Congo, zikaunganishwa tena kando ya ziwa. Tarehe 11 Juni, 1916, mmoja wa marubani wao, Aimé Behaeghe, aliruka mpaka Kigoma akatupa mabomu bandarini. Meli haikuzama kwa mabomu hayo. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai, wakati Wabelgiji walipokuwa wakikaribia kwa nchi kavu. Waliizamisha kwa uangalifu, mitambo yake imepakwa grisi, nayo ikainuliwa mwaka 1924, ikatengenezwa, na tangu mwaka 1927 ikaitwa Liemba, ikawachukua abiria wa ziwa hilo miaka mingi sana. Behaeghe mwenyewe hakuuona mwaka mpya. Alifariki Congo mwezi wa Desemba, 1916.

Wajerumani nao walijaribu jambo kubwa kuliko yote. Tarehe 21 Novemba, 1917, chombo cha hewa kiitwacho L59, chenye urefu wa karibu mita 226, kiliondoka Jamboli katika nchi ya Bulgaria, kikiwa kimebeba tani 15 hivi za risasi, dawa na mahitaji mengine kwa ajili ya Lettow-Vorbeck. Hakikutazamiwa kurudi. Kilikusudiwa kuvunjwa baada ya kufika: ngozi yake ya kitambaa ishonwe mahema na nguo, na mifupa yake itumiwe kwa kazi nyingine. Kilivuka bahari na jangwa, kikapita Misri, kikafika magharibi ya Khartoum. Hapo kikapokea amri kwa simu ya upepo kwamba kirudi, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wamefukuzwa katika nchi kilikotazamia kushuka. Kikageuka, kikarudi Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 angani na mwendo wa kilometa 6,757. Safari hiyo ilikuwa ya ajabu, lakini haikumfikishia askari hata mmoja risasi moja.

MSITU WA MLIMA KENYA

Kutoka hapo ni lazima kuja nyumbani. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba, 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliingia katika misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya. Mwaka 1953 misitu hiyo ilifanywa kuwa eneo lililokatazwa, na mtu yeyote aliyeonekana ndani yake aliweza kupigwa risasi. Mwaka huo huo zililetwa ndege za Harvard, ambazo asili yake ni ndege za kufundishia marubani, zikatiwa bunduki na mabomu ya ratili 20 hivi. Mwezi wa Novemba, 1953, zikafuata ndege kubwa za Lincoln, zenye mota nne, zikitoka Eastleigh, Nairobi, zikatupa mabomu ya ratili 500 na 1,000. Kulinganisha hayo na vibomu vinne vya Gavotti ni kuona jinsi miaka 42 ilivyobadilisha silaha hii.

Watoto wa wakati ule sasa ni wazee. Ukingoni mwa msitu mlio wa Lincoln ulisikika kabla ndege haijaonekana, kisha ardhi ikatikisika. Chini, wananchi, na wengi wao wanawake, waliamriwa kuchimba handaki refu kando ya msitu ili kuwatenga wapiganaji na chakula. Hapo mzigo wa vita vya angani uliwaangukia tena watu wa ardhini, kama ulivyowaangukia baba zao wapagazi.

Na jibu la lile swali lilikuwa nini? Lilikuwa lile lile la mwaka 1916. Miti ilificha watu. Bomu kubwa lilichimba shimo na kung'oa mianzi, likajeruhi tembo na nyati hata wakawa hatari kwa kila mtu, lakini wapiganaji walijifunza kuhama kila mara, kama askari wa Lettow-Vorbeck walivyofanya. Ndege ndogo za polisi zilizopeleleza na kuwapelekea askari chakula zilifanya kazi kubwa kuliko zile kubwa za mabomu. Lincoln ziliondoka mwaka 1955. Jenerali China, aliyeongoza wapiganaji wa Mlima Kenya, alikuwa amekamatwa ardhini mwezi wa Januari, 1954. Na Dedan Kimathi alikamatwa ardhini tarehe 21 Oktoba, 1956, na watu wa miguu. Hakuna bomu lililowapata.

MWISHO WA MANENO

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, mambo matatu yafaa yachukuliwe kwenda nyumbani.

La kwanza ni kwamba ndege ilitumika vizuri kuliko yote ilipokuwa jicho, na ilishindwa mara nyingi ilipodhaniwa kuwa mkono. Pale Rufiji, mtu mmoja aliyetazama kwa makini na kusema kweli kuhusu alichokiona alifanya kazi ambayo mamia ya makombora hayakuweza.

La pili ni kwamba kila chombo kina nchi yake. Gundi iliyoshika Ulaya iliyeyuka Nyororo, na bomu lililovunja miji halikuweza kuumaliza msitu. Kijana anayejifunza ufundi akumbuke kwamba fundi mzuri huuliza kwanza chombo hiki kitafanya kazi mahali gani.

La tatu ni deni. Katika nyumba nyingi za Embu na Meru lipo jina la babu au babu wa babu ambaye alichukuliwa mwaka 1917 na hakurudi, na kaburi lake halijulikani. Katika nyumba nyingine wapo wazee waliolala chini ya mlio wa Lincoln wakiwa watoto. Majina ya marubani yamekwisha kuandikwa, wala hayana hatari ya kusahauliwa. Majina ya wapagazi na ya wachimba handaki hayajaandikwa ila machache. Kijana mwenye daftari na kalamu aweza kumwendea mzee wa nyumba yao jioni ya leo, amsalimu kwa adabu, amwulize, na kuandika anayoyasikia. Kazi hiyo haihitaji petroli, wala haiwezi kungoja mwaka mwingine, kwa maana wazee wanapungua.